Maswali na majibu: Samaki wa sebuleni wakianza kutafutiwa wateja

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa wafugaji wa samaki wa mapambo: matangi yamewajaa, majirani wameanza kuuliza bei, nao wanajiuliza kama hii inaweza kuwa biashara. Inaweza. Nimechagua maswali machache.

Nina matangi mawili ya gapi na kila mwezi wanazaa. Nataka kuanza kuuza. Niongeze aina ngapi za samaki? (Mama wa nyumbani, Tabata, Dar es Salaam)

Kwa sasa usiongeze hata moja, dada yangu. Ulio nao wanatosha kukufundisha kuuza. Gapi jike hubeba mimba kwa takriban wiki nne na kuzaa vifaranga hai, tena huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, hivyo hata ukimtenga ataendelea kuzaa. Idadi haitakusumbua. Kitakachokusumbua ni sura. Wakiachwa wachanganyike ovyo, baada ya vizazi vichache ile mikia mipana na rangi zilizomvutia jirani hupotea, unabaki na visamaki vya kijivu ambavyo hakuna atakayevitolea hela. Tenga madume na majike wangali wadogo, chagua madume wachache wazuri wa kuzalisha, na mara kwa mara badilishana dume na mfugaji mwingine ili damu isizunguke ileile.

Halafu angalia maji yako. Visima vingi vya Dar vina maji magumu yenye chumvichumvi, na gapi, moli na plati wanayapenda hayohayo. Diskasi kutoka Amazon anataka maji laini yenye joto. Utahangaika naye kila siku ili uuze wawili kwa mwezi. Mtaji ukiwa mdogo, maji yanayotoka bombani kwako ndiyo yaamue ufuge nini.

Shikamoo. Nasoma chuo, nimepanga chumba na LUKU tunachangia wapangaji wote. Matangi manne yatakula umeme kiasi gani? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Soma wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa kisha upige hesabu. Pampu ya hewa ya wati 5 ikiwaka usiku na mchana inakula uniti 3.6 kwa mwezi, na pampu moja yenye nguvu ya kutosha, ukiigawanya kwa vipira, inaweza kusukuma filta za sponji za matangi yote manne. Taa ya wati 10 kwa saa nane kila siku ni uniti 2.4. Mlaji ni hita: wati 100 zikiwaka nusu ya siku ni uniti 36. Kwa hiyo, kabla ya kununua hita, pima joto la maji alfajiri siku kadhaa za msimu wa baridi. Gapi wakiwa kati ya nyuzi 22 na 28 hawana neno. Na ongea na wapangaji wenzako leo, usisubiri uniti ziishe usiku wa Jumamosi.

Nanunua samaki kwa jumla Dar. Kila wakija wapya namwaga maji yote na kusugua tangi na filta ili wakute usafi. Ndani ya wiki moja nusu yao wameshakufa. Nimeuziwa wagonjwa? (Mwenye duka la pembejeo, Arusha)

Huenda wengine ni wagonjwa kweli, lakini huo usafi wako pia unaua. Samaki anatoa amonia kupitia mashavu na kinyesi, na amonia ni sumu. Ndani ya sponji na kwenye mawe wanaishi bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujenga makazi kwenye tangi jipya. Wewe kila mzigo ukija unawasugua na kuanza upya, halafu unamwaga samaki 50 waliochoka na safari.

Badilisha robo ya maji kila wiki, basi. Sponji ikamue kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, maana ya bomba yana klorini inayoua bakteria haohao. Maji mapya yaweke kwenye ndoo wazi siku nzima, pampu ikipuliza, kabla hayajaingia tangini. Na kama mamlaka yenu ya maji inatumia kloramini, dawa nyingine ya kusafishia maji, hiyo haitoki kirahisi kwa kuwekwa wazi, tafuta dawa ya kuiondoa. Arusha usiku kuna baridi, kwa hiyo kwako hita ni lazima, tofauti na kijana wa Morogoro.

Wageni wakae kwenye tangi la karantini wiki mbili hadi nne kabla ya kuuzwa. Ndiyo, ni muda mrefu, na najua unataka hela yako izunguke. Lakini tuseme umenunua 50 kwa shilingi 2,000 kila mmoja. Wakifa 25, kila aliyebaki amekugharimu 4,000, bado chakula na nauli. Punguza mzigo uwe wa samaki 15 na uone.

Mimi ni mvuvi. Nimesikia Wazungu wananunua samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Tanganyika kwa bei kubwa. Kwa nini nisiwavue mwenyewe niwauze? (Ujiji, Kigoma)

Umesikia kweli, kaka. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, karibu wote hawapatikani pengine popote duniani, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawatafuta. Ila kabla ya kushusha wavu jua mambo haya.

Kuwasafirisha nje bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, hivyo anzia ofisi ya uvuvi ya wilaya. Mahale usiguse: mpaka wa hifadhi unaingia ziwani kilometa 1.6.

Kisha kuna samaki wenyewe. Tropheus, mmoja wa samaki hao wa mawe, hukaa kwenye mawe yake na haendi mbali. Havuki kirahisi mchanga au kina kirefu, ndiyo maana kila ufukwe wa mawe una wa rangi yake. Jike hubeba mayai machache tu, mara nyingi hayafiki 15, mdomoni kwa karibu mwezi mzima. Ukilichota jabali moja lote leo, usitegemee kwamba wa jabali la jirani watakuja kujaza nafasi. Frontosa naye hukaa kinani. Ukimpandisha haraka, kibofu chake cha hewa huvimba na anakufa.

Mimi ningekuwa Ujiji ningezalisha. Una maji ambayo wafugaji wa Ulaya wanayatengeneza kwa madawa: magumu, pH (kipimo cha uchachu wa maji) karibu 9. Anza na Neolamprologus multifasciatus, kasamaki kasikozidi sentimeta tano, kanakoishi na kuzaa ndani ya magamba matupu ya konokono. Mchanga, magamba, filta ya sponji, na koloni inaongezeka yenyewe. Wauzie kwanza wafugaji wa Dar na, leseni ikiwa tayari, wa Nairobi.

Mteja wa Dodoma anataka gapi 30. Nawatumaje kwa basi? (Kibaha)

Usiwalishe siku moja kabla, wasichafue maji njiani. Mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni ya mtungi, kisha boksi la stairofomu. Mwombe kondakta liwekwe kivulini ndani ya basi.

Wengi wanaharibu mwishoni. Safarini kabonidioksidi hujaa kwenye maji na kushusha pH, hali inayopunguza makali ya amonia. Mfuko ukifunguliwa gesi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile inakuwa sumu kali. Mwambie mteja auache mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa kwa dakika 20, kisha afungue, awachote kwa wavu na kuwahamisha palepale. Maji ya mfuko yasiingie tangini.

Mteja karudi na samaki aliyekufa, anataka hela yake. (Temeke)

Akija na maji ya tangi lake, yapime mbele yake. Ukikuta amonia, mweleze na umpe samaki mwingine kwa nusu bei. Kama maji ni mazima, mrudishie. Na sheria yako iandike kwenye risiti tangu mwanzo.

Gapi wamenizidi. Niwamwage ziwani ili wale viluwiluwi vya mbu? (Mwanza)

Hapana, na wewe wa Mwanza ndiye wa mwisho wa kuuliza hivyo! Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu, visamaki vya asili vya ziwa hilo, zimetoweka. Magugu maji yalisambazwa duniani kama ua la mapambo la mabwawani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana ziwani kwenu. Gapi wasio na sura wape wafugaji wa samaki wakubwa, watakuwa chakula cha samaki wao. Punguza majike wa kuzalisha. Na maji unayobadilisha mwagia mchicha. Naitreti ni mbolea.