Wasomaji Wanauliza: Tuutangazeje mchezo usiojulikana?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa klabu ndogo ya orientiringi, mchezo ambao mshiriki hupewa ramani na dira akatafuta vituo kwa mpangilio uliowekwa, na anayevifikia vyote kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Tutafungua msimu mwezi Juni, masika yakishapita, katika Msitu wa Pugu, na kibali tumekwisha kukipata. Mwaka jana tulibandika matangazo mitaani na kuyasambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, lakini walikuja watu kumi na mmoja tu, saba kati yao wakiwa ndugu zetu. Tulikosea wapi?
Katibu, Tabata

JIBU: Ndugu Katibu, tangazo la mwaka jana uliloambatanisha tumelisoma kama anavyolisoma mtu aliyesimama kituoni akisubiri daladala. Juu lina neno ORIENTIRINGI, katikati pana picha ya Mzungu akikimbia kwenye msitu wa misonobari, na chini pameandikwa "8:00 asubuhi". Msomaji anajiuliza kama ni saa mbili au saa nane, anakumbuka kuwa saa nane haiwi asubuhi, kisha daladala inafika na habari yenu inaishia hapo. Andikeni "saa 2:00 asubuhi".

Hata hivyo, saa yenyewe si ya kuibana sana, na hili ndilo jambo zuri mliloliacha nje ya tangazo. Katika mchezo wenu washiriki hawaondoki kwa pamoja. Huachiwa mmoja mmoja, na kila mtu huhesabiwa muda wake. Mkiwaachia kwa kupishana dakika mbili, watu sitini watachukua karibu saa mbili nzima kuondoka, kwa hiyo mnaweza kutangaza kwamba mtu aje wakati wowote kati ya saa 2:00 na saa 4:00. Kwa mkazi wa Mbagala au Tegeta anayeijua foleni ya jiji hili, sentensi hiyo peke yake inatosha kumtoa nyumbani.

Picha ya Mzungu iondoeni, mahali pake mweke kipande cha ramani. Msikitoe Pugu, kwa kuwa mshiriki hapaswi kuiona njia kabla ya kuanza, choreni kwa mfano Viwanja vya Mnazi Mmoja, ambavyo wengi wamewahi kuvikatiza wakielekea Kariakoo, mtie pembetatu ya kuanzia, viduara vinne vya vituo na duara maradufu la kumalizia, kisha muulize: "Wewe ungepita wapi?" Elezeni pia kwamba kwenye ramani hizi rangi nyeupe ni msitu unaopitika kwa mbio na kijani kilichokolea ni kichaka cha kukwepa, jambo linalomshangaza kila aliyejifunza ramani kwenye somo la jiografia. Mtu akishaanza kubishana na mwenzake kuhusu njia ya mkato, mmempata.

Kuhusu mahali pa kulipeleka tangazo, anzeni na vikundi vya joging vinavyokutana alfajiri za Jumamosi na Jumapili. Mwaka 1919 Meja Ernst Killander wa Sweden, aliyeona vijana wanaichoka riadha ya uwanjani, aliandaa shindano la aina hii karibu na Stockholm na akapata washiriki 220, na ninyi hapa mna wakimbiaji waliokwisha kuchoshwa na barabara ileile kila wiki. Skauti na walimu wa jiografia wafuate baada ya hao.

Wazazi watauliza kama mtoto atapotea. Wajibuni ndani ya tangazo lenyewe: kwamba kuna njia fupi ya wanaoanza, kwamba kutembea kunaruhusiwa, na kwamba kila anayeondoka lazima aripoti mwisho hata akikata tamaa njiani, ili asiachwe msituni.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni matangazo: nendeni kwa wenyeviti wa mitaa inayopakana na msitu, mkawaonyeshe zile bendera za rangi ya chungwa na nyeupe zinazoonyesha vituo kabla hamjazitundika. Katika jiji ambalo watu wamewahi kuamka wakakuta alama ya X ya bomoabomoa imepakwa ukutani mwao, mgeni mwenye ramani mkononi hudhaniwa kuwa ni mpima viwanja, na bendera inaweza kung'olewa usiku huohuo. Mwenyekiti aliyeelewa atazilinda, na huenda akawaleta vijana wake.

Mwisho, kati ya wale kumi na mmoja walikuwemo wanne ambao si ndugu zenu. Hao walikuja licha ya tangazo lile, na barua yako haisemi kama kuna yeyote aliyewapigia simu tangu siku hiyo.