FUNDI ANAJIBU: Bawa la gari la mbio na mabati ya Majengo

*Shikamoo fundi. Naendesha IST, natoka Dodoma kwenda Kondoa karibu kila wiki. Kwenye runinga naona magari ya mbio ya kiti kimoja yanakata kona kwa spidi ambayo mimi ningeishia mtaroni, na nasikia ni mepesi kuliko gari langu. Rafiki kanishauri nifunge bawa nyuma. Fundi bodi anataka laki mbili na nusu. Nifunge? – Dereva, Nkuhungu*

Marahaba. Hela hiyo usiitoe kwanza.

Mwaka juzi mwezi wa nane, upepo wetu huu wa Dodoma uling'oa mabati mawili ya banda langu pale Majengo. Misumari ilitoka nayo, imenyooka kama iliyovutwa kwa koleo. Majirani wakasema upepo umeingia chini ukasukuma. Kweli uliingia, banda lenyewe halina milango. Lakini na juu kulikuwa na kazi: upepo ukipanda paa hukimbia, na unapokimbia presha yake hushuka, bati likanyonywa. Ndege hupaa kwa mtindo huo. Gari la mbio hufungwa bawa lilelile likiwa limepinduliwa, mnyonyo ukawa chini, gari likavutwa barabarani.

Na utamu wenyewe uko hapa. Tairi hushika lami kadiri linavyokandamizwa. Ungeweza kulikandamiza kwa magunia mawili ya mahindi kwenye buti, ila ukifika konani magunia nayo yanataka kwenda moja kwa moja, na tairi hilohilo ndilo la kuyazuia. Umepata huku, umepoteza kule. Upepo hukandamiza bila kupanda garini. Ndiyo maana gari la Formula 1, mbio kubwa za dunia za magari hayo ya kiti kimoja, kwa kima cha chini cha sheria ya mwaka 2025 lilikuwa kilo 800 dereva akiwa ndani, wakati IST yako tupu inakaribia tani moja, na bado hulioni ng'o.

Lakini nguvu hiyo inafuata mraba wa spidi. Kwa kilomita 240 kwa saa ni mara tisa ya ile ya kilomita 80. Wewe wa kilomita 80 utaambulia kiasi kidogo mno, tena kwa bawa la faiba ambalo aliyelichonga aliangalia urembo tu. Isitoshe IST nyingi huvuta na kugeuka kwa matairi ya mbele. Kukandamiza nyuma hakuyasaidii. Tafuta shokapu nzuri, pima upepo wa matairi asubuhi kabla hujaondoka. Nimeshapokea IST yenye bawa linalometa na bushi zote zimekufa!

Hata mabingwa bawa liliwaumiza. Mwaka 1968 timu za Formula 1 zilianza kusimamisha mabawa juu ya vyuma virefu vyembamba. Mwezi wa tano 1969, kule Barcelona, mabawa ya magari mawili ya timu ya Lotus yalivunjika katika mbio moja, madereva wake Graham Hill na Jochen Rindt wakagonga wote. Mwezi huohuo, huko Monaco, mabawa marefu yakapigwa marufuku. Baadaye Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, akahamishia kazi kwenye sakafu ya gari: Lotus 79, iliyompa Mario Andretti ubingwa wa 1978, ilikuwa na tumbo lililochongwa kama bawa lililopinduliwa, na pembeni sketi zinazogusa lami ili hewa ya nje isipenye. Sketi ikikwama juu, mnyonyo unapotea ghafla, na wewe uko katikati ya kona. Mimi nisingepanda.

*Fundi, habari za kazi. Kwa nini injini ya magari hayo huwekwa nyuma ya dereva? – Mwalimu, Mpwapwa*

Nzuri, mwalimu. Shika nyundo mwisho wa mpini uizungushe mkononi, kisha ishike karibu na kichwa ujaribu tena. Injini ikikaa kati ya dereva na matairi ya nyuma, uzito husogea katikati, na gari hugeuka upesi. Dereva Jack Brabham alichukua ubingwa wa Formula 1 wa 1959 na gari la Cooper lenye injini nyuma yake, na haikuchukua muda wengine wakaiga. Lotus 49 ya mwaka 1967 ikaenda mbali zaidi: injini ya Ford Cosworth ilifungwa kwa bolti nyuma ya kiti cha dereva, ikabeba yenyewe gia boksi na miguu ya nyuma, bila chesisi ya kuishikilia. Ukifungua bolti hizo, nusu ya gari inaondoka na injini.