Discworld ina vitabu 41: mimi ningeanza na cha nane

Ukiuliza watu uanzie wapi kusoma Discworld, riwaya za fantasia za kuchekesha za Mwingereza Terry Pratchett, wengi watakwambia anza na namba moja. Mimi nasema kiruke kwanza.

Riwaya zenyewe ni 41. Ya kwanza ilitoka 1983 na ya mwisho 2015, mwaka aliofariki mwandishi. Idadi hiyo inatisha, lakini usidhani ni hadithi moja iliyokatwa vipande 41. Kinachoziunganisha ni dunia yenyewe, bapa kama sahani, iliyobebwa na tembo wanne waliosimama mgongoni mwa kasa anayeogelea angani. Humo ndani kuna misururu kadhaa: walinzi wa jiji la Ankh-Morpork, wachawi wa kike wa milimani, Kifo (naam, ni mhusika, tena ana farasi anayeitwa Binky), na Rincewind, mchawi asiyeweza uchawi. Chagua msururu mmoja, uufuate kwa mpangilio wake.

The Colour of Magic, kile cha kwanza, kinakejeli riwaya za fantasia za enzi zake. Usipozijua hizo, mizaha mingi itakupita. Halafu hadithi inaishia njiani, ikabidi usome na cha pili.

Chaguo langu ni cha nane, Guards! Guards! cha 1989. Tunamkuta Kapteni Vimes amelewa chakari, kalala mtaroni. Kikosi chake hakina heshima wala kazi ya maana, kwa sababu wizi jijini ni halali: wezi wana chama chao, na wana kiwango cha wizi walichokubaliana na mtawala. Anaingia Carrot, kijana pande la mtu aliyelelewa na mbilikimo, ameikariri sheria yote na anaiamini neno kwa neno. Hachelewi, anamkamata mkuu wa chama cha wezi kwa kosa la wizi! Pratchett mzima yumo katika tukio hilo: unacheka, kisha unajiuliza nani hasa mwenye akili pale.

Kama habari za polisi hazikuvutii, chukua Mort, Kifo anapojitafutia mwanagenzi. Anayetaka kitabu kinachojitegemea asome Small Gods, kuhusu mungu aliyejikuta kobe, amebakiwa na muumini mmoja tu. Night Watch kinasifiwa kuliko vyote, na kinastahili, ila kiweke kando kwanza. Hakikuumi ipasavyo kama hujaishi na Vimes vitabu kadhaa.

Vingi havina sura, kwa hiyo usingoje mwisho wa sura ndipo ulale. Tanbihi nazo usiziruke hata kidogo. Baadhi ya vichekesho vikali kavificha huko chini.

Ukimaliza Guards! Guards! nenda Men at Arms, halafu Feet of Clay. The Colour of Magic utakirudia baadaye, ukishamzoea mwandishi, na Rincewind aliyemo humo utamvumilia vizuri zaidi.