Maswali ya Wasomaji: Siagi ya Karanga na Jamu Katika Mkate Mmoja

SWALI: Mhariri, pokea salamu zetu kutoka Majengo, Moshi. Mwezi uliopita mdogo wangu aliyekuwa akisoma Marekani alirudi nyumbani, na asubuhi moja akatuandalia chakula cha huko: slesi mbili za mkate, moja imepakwa siagi ya karanga na nyingine kitu alichokiita jeli, ingawa mimi niliona ni jamu ya dukani. Watoto walikula wakaomba tena. Mama mkwe alionja kidogo, akakirudisha sahanini, akasema karanga ni za kuungia mboga na haziwezi kukaa na kitu kitamu. Mimi mwenyewe kilininata kaakaani, na utamu ukanizidi. Jeli ni nini hasa, tulikosea wapi, na je, ni chakula cha kumfungia mtoto anapokwenda shule?
Mama wa watoto watatu, Moshi

JIBU: Asante sana, mama, na mfikishie mama mkwe shikamoo yangu. Nianze na neno jeli, kwa kuwa ndilo lililonichanganya mimi pia siku ya kwanza nilipokaribishwa chakula hiki na jirani Mmarekani aliyekuwa akiishi Njiro, hapa Arusha. Aliposema jeli nilifikiria ile inayotikisika bakulini, wanayopewa watoto kwenye sherehe, nikawa najiuliza itakaaje juu ya mkate bila kuteleza. Wamarekani wanapotaja jeli ya mkate wanamaanisha ndugu yake jamu: maji ya matunda yaliyochujwa, yakachemshwa na sukari mpaka yakaganda, bila nyama ya tunda wala mbegu. Inayopendwa zaidi kwao ni ya zabibu za rangi ya zambarau ziitwazo Concord, ambazo Ephraim Bull alizipata kwa kuotesha mbegu huko Massachusetts mwaka 1849. Zabibu hizo zina uchachu, na uchachu huo ndio uliokosekana mezani kwenu.

Karanga zilizosagwa ni nzito na zina mafuta mengi. Ukiziwekea kitu kitamu kitupu, mdomo unachoka kabla hujamaliza kipande cha pili. Mwanamke aliyechapisha maelekezo ya zamani zaidi yanayojulikana ya mkate huu, Julia Davis Chandler, alilielewa jambo hilo mapema. Katika jarida moja la mapishi la Boston mwaka 1901 aliwaambia wasomaji watumie mkate uliokatwa mwembamba sana, karanga zilizosagwa, na jeli ya matunda madogo yenye uchachu, yakiwamo matufaa ya mwituni. Wakati huo karanga za kusaga zilikuwa chakula cha wenye nafasi. Zilishuka bei baadaye, na mkate ulipoanza kuuzwa ukiwa umekwisha kukatwa slesi, mwaka 1928, hata mtoto aliweza kujitengenezea bila kushika kisu kikali.

Kuhusu neno la mama mkwe, mimi ningemkumbusha kashata kwa heshima zote. Humo karanga na sukari vimekaa pamoja miaka yote, na sidhani kama amewahi kuirudisha sahanini. Hata mchicha wa karanga ulikuwa mgeni siku moja, maana asili ya karanga ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliozileta Afrika katika karne ya 16.

Jaribuni tena, safari hii kwa vitu vya sokoni kwenu. Chukueni mapera, ambayo huganda yenyewe kwa urahisi, myakate vipande, myachemshe katika maji yanayoyafunika tu, kisha myachuje kwa kitambaa safi bila kukikamua, ili maji yatoke maangavu. Kwa kila kikombe cha maji hayo wekeni robo tatu ya kikombe cha sukari na kijiko cha maji ya ndimu, mchemshe mpaka tone moja likidondoshwa kwenye sahani ya baridi ligande. Msimu wa zambarau ukifika, changanyeni nazo. Ule ukakasi wake ndio unaonikumbusha zaidi ile jeli ya Njiro. Karanga zikaangwe kwa moto mdogo, zipepetwe maganda, zisagwe na chumvi kidogo mpaka mafuta yatoke. Pakeni siagi ya karanga kwenye slesi zote mbili na jamu iwe katikati, maana jamu ikigusa mkate moja kwa moja huulowesha kabla ya saa nne ya mapumziko. Pakeni kwa wembamba, na mtelemshie kwa chai isiyo na sukari. Wenyewe hunywa maziwa baridi, na kule kunata kaakaani kunaisha.

Kwa shule ni chakula kizuri, kwa sababu takriban robo ya uzito wa karanga ni protini na karibu nusu ni mafuta, kwa hiyo mtoto hashindi na njaa. Lakini nakuomba, mama, usipuuze kuchambua. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zilizo chungu tupa zote, kwa kuwa huenda zina sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Anayekula kwa mara ya kwanza apewe kidogo kwanza. Ukiona midomo inavimba, vipele vinatoka au anapumua kwa shida, huo ni mzio, na anapaswa kufikishwa hospitali mara moja. Mdogo wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zitamkaba.

SWALI: Nilinunua siagi ya karanga iliyosagwa na kinamama wa mtaani kwetu ili niionje na jamu kwa mara ya kwanza. Baada ya wiki mafuta yameelea juu na chini pamekuwa pagumu. Je, imeharibika?
Msomaji wa Sakina, Arusha

JIBU: Haijaharibika. Karanga zikisagwa bila kuongezwa chochote, mafuta hupanda juu na unga wake hutuama chini. Zile za viwandani hazifanyi hivyo kwa sababu mwaka 1922 Joseph Rosefield, Mmarekani, alibuni njia ya kuyagandisha kidogo mafuta yake ili yasijitenge. Usiyamwage hayo mafuta, utabaki na kitu kikavu kisichopakika. Koroga kwa kijiko kikavu mpaka chini kabisa, ifunike vizuri, uiweke mahali penye baridi. Ukiinusa ukasikia harufu kama ya mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, hapo ndipo uitupe.