Nimechoka, nimechoshwa au nimekinai? Swali la lugha kuhusu tamthilia za mazombi

Msomaji mmoja wa Tanga kaniletea swali, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nilianza kuangalia The Walking Dead nikiwa sekondari, nikaipenda kweli, halafu zikaja nyingine na nyingine mpaka nikaacha mwenyewe. Juzi nikaandika kwenye status 'nimekinai tamthilia za mazombi, kila mwaka mazombi wanarudi'. Shangazi yangu akanijibu kukinai ni kwa chakula tu, niandike nimechoka na, au nimechoshwa na. Binamu yangu naye akadakia kwamba hata 'mazombi wanarudi' ni kosa, niseme yanarudi kwa sababu wale sio watu. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Shangazi yako mpe heshima yake, lakini kwenye hili sikubaliani naye. Kukinai hakujafungiwa jikoni, watu wanakinai maneno, wanakinai ahadi, wanakinai mji, wanakinai hata mtu, na kwa hayo uliyonieleza neno lako ni hilohilo ulilochagua, tena limekukaa kuliko hayo mawili uliyopewa badala yake. Ila kuchoka na kuchoshwa nayo sio makosa, kila moja lina lake la kusema, na mimi huwa naumia kweli nikiona watu wanayachukulia kama yote ni mamoja wakati kiswahili kimetupa tofauti nzuri hivi bure.

Tuanze na kuchoka. Kuchoka ni nguvu kuisha. Umetoka shamba umechoka, umekaa macho mpaka saa tisa usiku unamalizia msimu umechoka, na hapo tamthilia yenyewe inaweza kuwa tamu balaa, macho ndo yamegoma. Kwa hiyo ukisema "nimechoka kuangalia mazombi" msikilizaji anabaki njia panda, hajui akwambie ukalale au akutafutie kitu kingine cha kuangalia. Dawa yake ipo na ni ndogo tu, unachomeka kiambishi cha mtendwa, yani kile kinachotaja ulichokichoka, kama hiyo zi: nimezichoka. Nimechoka peke yake ni mwili, lakini nimekuchoka, nimemchoka, nimezichoka, hapo moyo umeshajitoa. Mtu akimwambia mwenzake wa ndani ya nyumba "nimekuchoka" hakuna anayeuliza kama jana alilala vizuri.

Kuchoshwa sasa kuna mtuhumiwa. Choka inazaa chosha, yani kumfanya mtu achoke, na chosha inazaa choshwa, kwa hiyo ndani ya neno lenyewe kuna mwingine aliyefanya kitendo na wewe umefanyiwa. Ndo maana magazeti yanalipenda, wananchi wamechoshwa na mgao wa umeme, wafanyabiashara wamechoshwa na tozo, siku zote kuna anayenyooshewa kidole. Kwenye hizi tamthilia mfano wake tunao wazi kabisa. The Walking Dead ilianza kwenye chaneli ya AMC huko Marekani tarehe 31 Oktoba 2010, ikapanda ikapanda mpaka mwaka 2014 msimu wa tano ukafunguliwa na watazamaji zaidi ya milioni 17 usiku mmoja, hesabu kubwa mno kwa chaneli ya kulipia. Halafu ikaja ile ya 2016. Msimu wa sita unaisha mwezi wa nne, Negan, yule adui katili wa kundi, kashika rungu lake lililozungushiwa seng'enge, watu wetu wamepigishwa magoti mbele yake kwenye giza, rungu linashuka na kamera inakuficha usijue nani kapigwa, haya kakae na hilo miezi sita. Oktoba ikafika, watu kama milioni 17 wakarudi, wakaonyeshwa Abraham, mmoja wa kundi, anauawa halafu Glenn, yule kijana tuliyekuwa naye tangu mwanzo kabisa, kwa ukatili ambao wengi walishindwa kuuvumilia, na kuanzia hapo idadi ikawa inateremka tu mpaka episodi ya mwisho ya 20 Novemba 2022, ya 177 kwa hesabu, ambayo usiku ule iliangaliwa kwenye tivii na watu milioni mbili na kitu.

Mtazamaji aliyeondoka kwa sababu ya lile rungu huyo kachoshwa. Anao watu wa kuwalaumu, ni waandishi waliomning'iniza nusu mwaka halafu wakamlipa kwa damu, na akisema "nimechoshwa na The Walking Dead" anatoa lawama na lawama yake ina pa kwenda. Haki isemwe pia kwamba sio wote walioondoka waliondoka kwa hasira, miaka hiyohiyo Wamarekani wengi walikuwa wanaachana na tivii za kulipia wanahamia kuangalia kwa intaneti, na mtu aliyehama na tamthilia yake mfukoni hajachoka, hajachoshwa wala hajakinai, kahama tu.

Wewe lakini hujaniambia habari ya rungu. Umeniambia uliipenda, zikaja nyingine na nyingine, ukaacha mwenyewe, na hiyo ndo kukinai yenyewe. Nguvu unazo, wa kumlaumu humtafuti, hamu ndo imekuisha, na imekuisha kwa sababu ya wingi. Halua kipande cha kwanza na kahawa chungu ni raha, cha pili unakifurahia, ukifika cha tano sukari na samli zinakukaa kooni, na halua ni ileile haijabadilika hata kidogo. Kwa hiyo kukinai kuna sharti ambalo kuchoka na kuchoshwa hayana: lazima uwe umekila kitu chenyewe, tena kwa kukipenda. Mtu ambaye hajawahi kuangalia hata episodi moja akiandika nimekinai mazombi huyo ndo wa kusahihishwa, aseme hawamvutii, basi. Wewe una haki nalo.

Na wingi wenyewe haukuwa wa kubahatisha. Fear the Walking Dead ilianza 2015 ikaenda misimu minane, World Beyond ikaja 2020, Dead City na Daryl Dixon 2023, The Ones Who Live 2024, na zote hizo ni ukoo mmoja. Nje ya ukoo kulikuwa na Z Nation tangu 2014, iZombie tangu 2015, Black Summer 2019, na Netflix wakaleta Resident Evil 2022 ikakatwa baada ya msimu mmoja. Mtu aliyekuwa anasubiri mazombi mara moja kwa wiki kwa hamu akajikuta anawapata asubuhi mchana jioni, na wazee walishasema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.

Kuhusu matumizi yenyewe ya neno, kukinai kunashika kitu moja kwa moja, nimezikinai tamthilia hizi, au unageuza, tamthilia hizi zimenikinaisha. Siku hizi nasikia sana "nimekinai na", nadhani hiyo na imevuka kutoka kwa "nimechoka na" kwa ujirani wa maana, mimi ningeiacha huko ilikotoka. Pia ujue kwamba kukinai kuna maana nyingine ya zamani ambayo bado ipo kwenye mawaidha na mashairi, kuridhika na ulichonacho, mtu mwenye kinaa ni mtu aliyetosheka hata kama ana kidogo, asili yake kiarabu. Maana hizo mbili hazigombani, zote zinaanzia kwenye kutosheka, ila moja inaishia kwenye utulivu na nyingine inaishia kwenye kusukuma sahani pembeni. Msikilizaji anajua ipi kwa mazungumzo yanavyoenda, hakuna atakayedhani wewe umeridhika kiroho na mazombi.

Kuna na la mtaani ambalo shangazi hakulitaja na mimi nalipenda, kuchuja. Nguo ikifuliwa sana inachuja rangi, na mtaani msanii anachuja, timu inachuja, tamthilia inachuja. Hili halihusu hamu yako kabisa, linahusu kitu chenyewe kupoteza mng'ao. Kwa hiyo unaweza kukinai kitu ambacho bado hakijachuja, na kitu kinaweza kuchuja na wewe bado unakiangalia kwa mazoea tu, na mtu anayesema "The Walking Dead ilichuja baada ya msimu wa saba" anatoa hukumu juu ya kazi yenyewe, ajiandae kubishana na mashabiki. Wakenya watakwambia tu haibambi tena, nayo ni hukumu hiyohiyo.

Sasa rudi kwenye kile kiambishi nilichosema mwanzo, maana hapa ndo penye utamu hasa. Ukisema nimezichoka au nimezikinai, zi ni tamthilia. Ukisema nimewachoka au nimewakinai, wa ni mazombi wenyewe. Ni herufi mbili tu lakini zinajibu swali ambalo watengenezaji wa tamthilia wanalipia pesa nyingi kulijibu: watu wamekinai kiumbe au wamekinai stori? Na mimi naona jibu ni zi. Korea walileta Kingdom mwaka 2019, mazombi wa enzi za wafalme wa Joseon, mwanamfalme anakimbizana na njama za ikulu huku maiti zinaamka, watu wakaifurahia. Januari 2022 ikaja All of Us Are Dead, wanafunzi wamenasa shuleni, dunia nzima ikaiangalia. Januari 2023 HBO wakatoa The Last of Us ambayo wagonjwa wake wameingiwa na kuvu mpaka kwenye ubongo, na wengi waliokuwa wameapa hawaangalii tena mambo hayo wakakaa mbele ya tivii, na episodi ya tatu karibu yote ni maisha ya wanaume wawili wanaozeeka pamoja, hao viumbe hata hawaonekani kivile. Kwa hiyo waliozikinai walikinai ile njia ileile ya kundi linatembea, linapata kambi, kambi ina kiongozi mbaya, kambi inavunjika, kundi linatembea tena. Wewe status yako uliandika "nimekinai tamthilia za mazombi" bila kiambishi, iko sawa, ila ukitaka kubana zaidi andika nimezikinai na kila mtu ataelewa kwamba mazombi hujawafungia mlango.

Umeona nimesema hujawafungia, sio hujayafungia, kwa hiyo binamu yako ameshajua naelekea wapi. Ila hoja yake sio ya kutupa. Neno zombi limekuja na umbo la zombi/mazombi, na maneno yenye ma yanayotaja viumbe yanaruhusu njia mbili, majambazi wamekamatwa, majambazi yamekamatwa, na anayesema yame anayaongezea ukubwa na chuki, anayatoa kwenye hesabu ya watu. Kanuni ya kiswahili sanifu inasema chenye uhai kichukue a na wa, na hapo binamu atasema zombi amekufa sasa uhai uko wapi. Lakini angalia tunavyosema wenyewe: marehemu amezikwa, hakuna anayesema marehemu imezikwa. Msukule nao, umbo lake ni la mti na miti lakini tunasema msukule amerudi, misukule wamepatikana, hatusemi misukule imepatikana. Kwa hiyo kufa peke yake hakumuondoi mtu kwenye ngeli ya watu.

(Kwa kuwa nimeutaja msukule, na najua kuna watu wanatafsiri zombi kuwa msukule, mimi nasita kidogo. Msukule kwa imani za watu wetu kachukuliwa na ana mwenyewe anayemtumikisha, na hapo anafanana sana na zombi wa asili wa Haiti ambaye naye ana bwana wake. Huyu wa kwenye tivii anatoka kwenye filamu ya George Romero ya 1968, hana bwana, hatumwi na mtu, anakula tu na kuambukiza. Ukimwita msukule mtazamaji atakaa anamsubiri mchawi ambaye hatokei.)

Tofauti ya wa na ya utaiona vizuri zaidi kwenye msimu wa pili wa hiyohiyo The Walking Dead, ule wa 2011. Mzee Hershel kawafungia ghalani kwake majirani, mtoto wa kambo na hata mke wake, wote wameshageuka, na anawalisha kuku kwa sababu kwake yeye hao ni wagonjwa watakaopona. Shane, mmoja wa kundi lililopata hifadhi kwenye shamba hilo, anataka ghala livunjwe. Ukiwapa kiswahili hawa wawili, Hershel atasema "wamo humo, wanaumwa, msiwaguse" na Shane atapiga kelele "yamo humo, yamekufa, yatatumaliza", na ugomvi mzima wa shamba lile umebebwa na kiambishi. Halafu ghala linavunjwa, wanapigwa risasi mmoja mmoja, na wa mwisho kutoka ni Sophia, binti mdogo waliyekuwa wanamtafuta msituni muda wote huo. Mama yake anamkimbilia, Daryl, mwenzao wa kundi, anamkamata mama huyo. Hakuna msemaji wa kiswahili ambaye angeweza pale kusema "limetoka". Hata Shane angesema "katoka".

Kwa hiyo kwenye maandishi ya kawaida shika wa, mazombi wanarudi, mazombi hawa wamenikinaisha, na ukiwa mmoja zombi huyu anatembea. Ya iache kwa mtu anayetaka kuwadharau au kuwatisha wengine nao, ni chaguo lake na sio kosa la sarufi. Kinachokatazwa ni kuchanganya, nimeona mtu kaandika "mazombi wale yamerudi", hiyo hapana, ukianza na wale malizia na wamerudi, ukianza na yale malizia na yamerudi.