Kengeleni, "Mabombay" na kaburi la Nyali: majibu ya maswali yenu

Kila siku makanga huita "Kengeleni!" Hiyo kengele yenyewe iko wapi? (Msomaji, Bombolulu)

Unaipita kila asubuhi, dadangu. Iko kwenye kimnara pale njia panda ya kwenda Nyali, ila moshi wa matatu na tuktuk umeifanya ionekane kama jiwe tu la barabarani. Mtaa wenyewe ni Frere Town, Mombasa, uliotokana na kijiji cha watumwa walioachwa huru. Wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana la kueneza Ukristo, walikianzisha katikati ya miaka ya 1870 chini ya William Salter Price. Jina ni la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumbana Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Frere aliondoka mikono mitupu. Aliyepata sahihi ya Sultani kwenye mkataba ni John Kirk, konseli wa Uingereza huko Unguja, Juni mwaka huohuo. Kirk hakuachiwa mtaa.

Mkataba ulizuia kuwasafirisha watu baharini, lakini utumwa wenyewe pwani yetu haukufutwa kisheria mpaka 1907. Kwa hivyo kijiji kilikaa macho, na kengele ikigongwa wakaazi walijua hatari inakuja. Kanisa lao la Emmanuel liko hapo karibu hadi leo. Shuka siku moja ulitazame.

Nyanya alikuwa akisema ukoo wetu ni wa "Mabombay". Kwani sisi ni Wahindi? (Kijana wa Kisauni)

La, mjukuu wetu. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi yaliyobeba watumwa, na baadhi ya watoto wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik, karibu na Bombay, na kufunzwa kazi za mikono. Walipoletwa Mombasa wakiwa watu wazima, wenyeji wakawaita kwa jina la walikotoka. Jacob Wainwright alisoma hukohuko Nasik; ni miongoni mwa waliobeba maiti ya David Livingstone, mmishonari na mvumbuzi wa Kiskoti, kutoka bara hadi pwani, naye akahudhuria maziko London mwaka 1874. Muulize nyanya majina ya wazee wake, uyaandike. Mimi nilichelewa kumuuliza wangu.

Wajomba wanakuja na watoto. Niwapeleke wapi Jumapili?

Haller Park, Bamburi. Palikuwa machimbo ya saruji, jangwa tupu, mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971 na kuachia majongoo wale majani yake, udongo ukazaliwa. Watoto wasimulie Owen, kiboko yatima wa tsunami ya 2004 aliyemganda kobe mkongwe aitwaye Mzee. Asubuhi ya Jumatatu, soko la Kongowea. Shika mfuko wako.

Daraja la Nyali lina umri gani?

Hili la sasa ni la 1980. Kabla yake kulikuwa na la kuelea, tangu 1931.

Utotoni tukicheza karibu na kaburi la Mzungu huko Nyali. La nani?

La Rosina, mke wa mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf. Walifika Mombasa Mei 1844. Julai homa ikamchukua yeye na kitoto chake kichanga. Mume alibaki, akajifunza lugha yetu. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa.