Barua kwa mwanangu: umealikwa kijijini kwa rafiki yako

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi nikisubiri chai ichemke. Unasema rafiki yako wa hosteli hapo Pune, India, amekualika kwao, kijiji cha wilaya ya Satara, mle pamoja Diwali, sikukuu yao ya taa, nawe unaniuliza: "Mama, wewe uliwezaje kukaa kwa watu kule wiki nzima bila kuharibu?" Sikuweza. Niliharibu siku ya kwanza, chai ya kukaribishwa ikiwa bado jikoni.

Lakini tuanze na majina, maana hapo ndipo utachekwa. Kimarathi, lugha ya huko, kina maneno yetu manne ya nyumbani, na matatu kati yake yamegeuzwa. "Baba" ni baba, hapo huna shida. "Mama" ni mjomba. "Kaka" ni baba mdogo au mkubwa. "Dada" ni kaka! Mimi nilimwita mama wa shoga yangu "mama" kwa heshima zote nilizofunzwa Singida, nyumba nzima ikaangua kicheko. Mwite "kaku". Bibi ni "aji", na dada mkubwa wa rafiki yako ni "tai". Baba yake sasa ndiye utamwita "kaka", na ulimi utakataa.

Hilo la kuharibu ni hivi. Basi jekundu la serikali kutoka Swargate, stendi ya Pune, lilitushusha kando ya barabara, tukakatiza mashamba ya miwa. Mlangoni tukavua viatu, tukanawa miguu, nikaletewa maji kwenye bilauri ya chuma. Nikanywa. Kiu haikuisha, nikauona mtungi pembeni, nikachota kwa bilauri ile ile niliyoitia mdomoni. Aji alinitazama, hakusema kitu. Baada ya muda mtungi ukatolewa nje, maji yote yakamwagwa kwenye mgomba, na kaku akajitwika chombo chake cha shaba kurudi kisimani. Usiku nililia nikidhani ni kwa ajili ya rangi yangu. Siku ya tatu mtoto wao wa miaka sita akafanya kosa lile lile, akachapwa kofi, mtungi ukamwagwa tena. Hapo nikapumua. Kilichoguswa na mdomo wanakiita "ushta", na hakirudi kwenye cha wote. Ndiyo maana utaona watu wanamimina maji kinywani bila midomo kugusa chombo. Jizoeze bafuni kwanza, mara ya kwanza yanaingia puani.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe hawakupi, hata ukae mwezi. Utakalishwa kwenye kiti, uletewe chai, ukimaliza uongezwe, na kila jirani anayepita atauliza umeoa au bado, na baba yako anapata mshahara kiasi gani. Mie nilichoka kukaa. Jikoni nisingejiingiza tu, maana miungu yao ilikuwa humo humo, basi nikauliza nifanye nini. Aji akanisogezea karanga za kumenya. Tukakaa sakafuni tukamenya karibu debe zima, yeye Kiingereza hajui, mimi Kimarathi changu cha sokoni. Jioni akaniita mwenyewe nikaone anavyopika bhakri.

Bhakri ni mkate bapa wa mtama, mtama huu huu wa kwetu. Anakanda unga kwa maji ya moto kwenye sinia, wa mkate mmoja tu kwa wakati, anausukuma kwa kiganja mpaka uache kupasuka. Halafu anaupigapiga huku unazunguka wenyewe chini ya mkono wake. Anaubwaga kwenye chuma, anapaka maji upande wa juu kwa vidole, anaugeuza, mwisho anauegemeza motoni wenyewe, unavimba kama chura. Wangu ulipasuka mara tatu. Wa nne akaupeleka kwenye sahani ya mwanawe bila kumwambia nani kaupika. Wanaula na pithla, unga wa dengu uliopikwa ukawa kama uji mzito, na thecha, pilipili mbichi zilizopondwa na kitunguu saumu. Thecha omba kidogo. Narudia: kidogo.

Wewe huenda wakakupeleka shambani au kwa nyati. Nenda.

Kuna jambo moja sikulipatia jibu. Kila asubuhi alikuja mzee wa kuzoa kinyesi cha ng'ombe. Chai yake ilimiminwa kutoka juu, kwenye kikombe kisicho na mkono ambacho hakikuingia ndani kamwe. Akishakunywa alikiosha mwenyewe, akakirudisha juu ya ukuta. Mimi niliyetoka Afrika nilinywea ndani. Katiba ya India ilipiga marufuku ubaguzi huo, wa kuwaona watu wa tabaka la chini kuwa najisi, tangu 1950, na Ambedkar, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya rasimu yake, utotoni alisoma Satara hapo hapo, akikalishwa mbali na wenzake darasani. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Na bado nilinyamaza, nikamaliza chai yangu. Ukikikuta kikombe kama kile sijui nikuambie ufanye nini, ila usiniandikie kwamba hukukiona.

Diwali yenyewe utaifurahia. Siku ya Narak Chaturdashi utaamshwa kabla ya jua, upakwe mafuta, usuguliwe utane, mchanganyiko wenye manukato unaonikumbusha liwa ya watu wa pwani, uoge maji ya moto, kisha uponde tunda chungu kwa kidole cha mguu. Ponda tu, maelezo yatakuja. Siku ya Bhau Beej dada wa rafiki yako anaweza kukupaka alama kwenye paji la uso, akufanye kaka yake, kwa hiyo uwe na bahasha. Usitie rupia 500 kamili, tia 501. Namba kamili kwao ni kama hesabu iliyofungwa.

Mpe pia mwenyeji wako nakala ya pasipoti na viza. Anayemlaza mgeni wa nje anatakiwa kutoa taarifa serikalini ndani ya saa 24, wala asije akasumbuliwa kwa ajili yako.

Siku ya kuondoka usiseme unaenda. Kwao mtu akiaga husema anakuja: mwanamume "yeto", mwanamke "yete". Aji alinisindikiza hadi barabarani na kifurushi cha karanga, nikamwambia "yete", akanijibu "ye", njoo. Hiyo ilikuwa 1997. Sijarudi.

Mama yako